Konje ni ya watu wawili: siku ine kwenye bahari ya Wales

Konje ya mutu wa mugodi tunaijua sote. Karatasi ikitoka tu ku biro, kazi ingine iko inamungoja kwa nyumba: mabati yanavuja, ukuta unaomba rangi, kuko matanga ya mujomba kule Bukama, kuko shamba ya mahindi ya kulima mbele ya mvua. Siku zinaisha, na mutu anarudi posti akiwa amechoka kuliko vile alitoka. Na bibi yake? Yeye hana hata karatasi ya konje. Hakuna biro yenye kumuandikia.

Ukurasa huu unazungumuza mara nyingi juu ya mushahara, ajali na bei ya shaba. Leo tuzungumuze juu ya mapumziko. Na kwa kuzungumuza vizuri, tutapita mbali kidogo: ku inchi ndogo ya Wales, upande wa mangaribi ya Uingereza, kwenye muji mumoja wa bahari unaoitwa Llandudno. Tunaenda kule kwa sababu mbili. Ya kwanza, ule muji umejengwa chini ya mulima wa shaba, na malakiti yake, lile jiwe la kijani, ni ndugu ya malakiti ya Likasi na Kolwezi. Ya pili, Wales ni inchi ya watu wa mugodi, na hao watu walijua kuchukua bibi na watoto na kwenda kukaa karibu na maji, wote pamoja.

Mimi na bibi yangu tulifika kule mwezi wa tisa. Mimi ni mustaafu. Nilifanya miaka makumi tatu kwenye mugodi, na sehemu kubwa ilikuwa posti ya usiku. Tulizaa mapasa, leo ni watu wazima, na mumoja wao anaishi Manchester. Ni yeye alitukodishia apartema kwa siku ine, akatununulia tikiti ya treni, akasema: «Baba, Mama, mukapumuzike.» Kutoka Manchester mupaka Llandudno ni kama masaa mawili na kidogo. Mwisho wa safari, treni inafuata pembeni ya bahari karibu sana, na mutu anaweza kuzania kwamba magurudumu yanapita mu maji.

Sharti ya Mama Mapasa

Apartema ya likizo haiko hoteli. Ni nyumba ndogo mu jengo kubwa: chumba kimoja cha kulala, kisebule chenye dirisha ku bahari, choo, na jikoni yenye sahani, sufuria na furiji. Hakuna mutu wa kukupokea. Funguo iko mu kisanduku kidogo ku mulango, na mutoto alikuwa ametuma namba ya kukifungua. Unapika mwenyewe, unafagia mwenyewe, unatosha takataka mwenyewe. Ndiyo sababu bei yake inakuwa chini kuliko hoteli, zaidi wakati watoto wamerudi ku masomo na wageni wamepunguka.

Lakini hiyo bei ya chini iko na mutego ndani. Mahali kuko jikoni, lazima kuwe mupishi. Bibi yangu aliuona ule mutego tukiwa bado mu treni.

– Baba Mapasa, hiyo nyumba tunaenda iko na jikoni?

– Iko nayo, Mama Mapasa. Mutoto alisema hata sufuria ziko.

– Basi sikia. Kama ni kupika, ku Likasi pia niko napika. Hiyo haiombe bahari. Hizi siku ine, mimi sigusi mwiko.

– Sasa nani atapika?

– Mwenye kuuliza.

Nikapika. Mutoto alikuwa ametupatia unga wa mahindi na ndakala kutoka duka la Waafrika, nasi tulinunua kitunguu na nyanya kwa duka la pale karibu. Nilisonga bukari juu ya moto wa umeme, na Mama Mapasa alikaa ku dirisha anatazama ndege weupe wa bahari. Mara kwa mara alisema bila kugeuka: «Baba, geuza, inashika chini.» Aliitambua kwa sauti ya mwiko tu. Siku ya tatu tulikula samaki wa kukaangwa na viazi mu karatasi, chakula cha watu wa pale. Tulikula tukikaa ku banki ya njiani, na mikono miwili juu ya karatasi, kwani wale ndege weupe ni wezi wakubwa.

Kuko kitu kilitushangaza kuliko bahari. Tulilala wakati mumoja, na tukaamuka wakati mumoja. Mutu mwenye hajafanya posti atasema: na hiyo ni kitu gani? Mutu wa mugodi ataelewa. Kwa miaka mingi kitanda chetu kilikuwa kama kiti cha mashini: mumoja anatoka, mwingine anaingia. Mimi ninarudi asubui na macho mekundu, yeye iko anafunga kitambaa aende ku soko. Watoto walijua kutembea polepole muchana, juu baba analala. Pale Llandudno, saa kumi ya asubui niliamuka bado kama mutu anangoja sirena. Sirena haikulia. Ni bahari tu ilikuwa inavuta na kurudisha majiwe chini ya dirisha. Yeye pia alikuwa macho. Tulizungumuza mupaka kukapambazuka: juu ya watoto, juu ya mama yake, juu ya mwaka ule tulikosa kila kitu. Maneno mengine alikuwa ameyachunga tangu zamani, kwani hatukupata saa ya kuyasema.

Muji wa bahari, muji wa mugodi

Llandudno iko kama upinde kati ya milima miwili: ule mukubwa wanauita Great Orme, ule mudogo Little Orme. Kati yao kuko njia pana ya kutembea pembeni ya maji, karibu kilometa tatu, na nyumba za rangi nyeupe au nyepesi zinazofuatana zote na urefu mumoja, kama watu wa gwaride. Mbele ya katikati ya karne ya 19, pale hapakuwa muji. Kulikuwa vijumba vya wachimbaji wa shaba na wavuvi juu ya mulima, na chini maji na mataka. Ni familia ya Mostyn, wenye udongo, walichora ule muji na kuuza viwanja, halafu treni ikaleta watu wa Liverpool na Manchester, wale wa viwanda na wa maduka, wenye kutafuta hewa safi.

Mu mwaka wa 1877 walifungua daraja la kutembelea, lenye kuingia ndani ya bahari karibu mita 700. Ni refu kuliko yote ya Wales. Halifiki ngambo ingine. Linaenda tu mu maji, na mutu akifika mwisho anarudi. Mama Mapasa aliuliza: «Sasa walijenga juu ya nini?» Jibu ni kwamba walijenga juu ya kutembea. Kuko batu wazee wawili wawili, bibi na bwana, wamekaa ku banki, wanakunywa chai kutoka termosi, hawasemi kitu.

– Hawa wanakaa tu?

– Wanakaa tu.

– Hawauzishe kitu?

– Hawauzishe kitu, Mama.

Alicheka. Lakini siku ya pili, yeye mwenyewe alikaa nusu ya muchana mikono mitupu, na sijaona siku ingine kama ile tangu tulioana. Maji aliyagusa na vidole vya miguu tu. «Inauma sawa barafu», akasema, akavaa soksi yake. Kweli, ile bahari ni ya baridi hata wakati wa jua, na upepo wake unapenya koti. Tena maji hayakai mahali pamoja: asubui yanafika karibu na ukuta, halafu yanaenda mbali na kuacha mataka ya kutembelea, kisha yanarudi tena. Yote hiyo mu siku moja.

Juu ya mulima kuko mbuzi wa kigeni wenye manyoya meupe marefu na pembe kubwa, uzao wa mbuzi wa Kashmir. Hawana muchungaji. Mu mwezi wa tatu wa 2020, wakati watu wote walifungiwa mu nyumba juu ya Covid, wale mbuzi walishuka na kutembea katikati ya muji, wakakula maua ya watu.

Mugodi wa miaka 3,800

Kwa kupanda Great Orme tulichukua tramu ya zamani, ya mwaka wa 1902. Haina moteri ndani yake. Ni kamba ya chuma inapita chini ya njia na kuivuta, sawa vile treuil inavuta mabehewa kutoka chini ya udongo. Niliifahamu mara moja, na nikawa ninamuelezea Mama Mapasa mupaka watu wengine wakageuka kutuangalia.

Katikati ya mulima tulishuka kwa kutazama mugodi. Watu walikuwa wamesahau ukubwa na uzee wake. Mu 1987, wakati wa kutafuta kupanga nafasi ya kuweka magari, walikuta mashimo ya zamani sana, na mu 1991 wakafungulia wageni. Wanasayansi walipima na kukuta kwamba kazi ilianza pale karibu miaka 3,800 iliyopita, mbele ya chuma kujulikana mu inchi ile. Mashimo waliyokwisha kutembea ndani yanapita kilometa 8, na mengine yanashuka mita 70. Vyombo vya kazi vilikuwa nyundo za mawe na mifupa ya ngombe. Wameokota nyundo zaidi ya 2,000 na vipande vya mifupa vyenye kupita 30,000. Shaba ya pale ilisafiri. Alama yake imepatikana mu vyombo vya zamani mupaka Swideni.

Walitupatia kofia ngumu na tukaingia. Hewa ilikuwa ya baridi, maji yanadonda, na ku ukuta kulikuwa ile rangi ya kijani. Niliigusa na kidole. Sikuwa mugeni pale. Wazee wetu wa Katanga pia walichimba malakiti mbele ya Wazungu kufika, wakayeyusha, wakafanya misalaba ya shaba ya kuolea na ya kununulia. Waliitwa walaji wa shaba. Tofauti ni kwamba huku kazi iliendelea mupaka kuwa mashimo makubwa yenye kuonekana kutoka mbinguni, na kule ilisimama.

Halafu muongozi alituonyesha shimo moja jembamba sana. Mutu muzima hawezi kupita. Wanasema wenye kuingia mule walikuwa watoto, pengine wa miaka mitano ao sita. Watu walipiga picha na kuendelea. Mama Mapasa alibaki.

– Mama yake alikuwa anangojea wapi? akauliza.

Sikuwa na jibu. Sisi watu wa huku hatuna haja ya kurudi nyuma miaka elfu kwa kuona mutoto mwenye mufuko wa mawe ku mabega. Tunamuona ku njia ya carrière.

Wiki mbili za watu wa makaa

Shaba ya Great Orme iliisha mu karne ya 19, na muji ukageukia wageni. Lakini kazi kubwa ya mugodi mu Wales ilikuwa upande wa kusini, na ilikuwa ya makaa. Mu 1920 walikuwa wachimbaji wenye kupita 270,000. Ilikuwa kazi ya kuua. Tarehe 14 mwezi wa kumi 1913, kule Senghenydd, mulipuko mumoja uliua wachimbaji 439. Hata leo hakuna ajali ya mugodi mu Uingereza yote yenye kupita ile. Na wale wenye kupona ajali walibaki na vumbi mu mapafu.

Ni hiyo vumbi ilifanya bahari kuwa dawa. Kule Porthcawl, pwani ya kusini, kuko nyumba moja inaitwa The Rest, maana yake Mapumziko. Jengo lake lilifunguliwa mu 1878 kwa kupokea wafanyakazi wenye kutoka ugonjwa ao ajali, ili wapumue hewa ya bahari mbele ya kurudi kazini. Ilikuwa kitu kizuri, lakini ilingoja kwanza mutu avunjike.

Mapumziko ya mutu muzima, mwenye afya, na yenye kulipwa, hiyo ni habari ingine. Sendika zilipiga kelele miaka mingi, na mu 1938 sheria ya konje yenye kulipwa ilipita mu bunge la London. Kisha vita, kule kusini ya Wales ikakuwa desturi: wiki ya mwisho ya mwezi wa saba na wiki ya kwanza ya mwezi wa munane, migodi inafunga yote pamoja. Waliziita wiki mbili za wachimbaji. Familia ziliweka makuta kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, halafu zilishuka ku Porthcawl na Barry, kukaa mu vyumba vya kukodi ao mu karavani, ile nyumba ya magurudumu. Watu wa avenue moja walikutana tena ku bahari, mulango kwa mulango, sawa vile ku kambi. Ni kwamba tu safari hii baba alikuwa na uso safi, na mwanga wa jua aliuona siku muzima.

Na wamama? Mu karavani pia kulikuwa sufuria. Wengi walipika kule sawa vile walipika kwao. Sheria ya 1938 ilimupatia baba konje. Juu ya mama haikusema kitu. Ile sehemu inabaki kazi ya kila nyumba.

Mumoja wa migodi ya mwisho ya chini sana mu Wales, Tower Colliery, ulifunga mu 2008. Makaa yalienda, lakini ile desturi ya kwenda ku bahari haikuenda nayo.

Watoto wawili wa Kongo

Siku ya mwisho tulipanda bisi mupaka Colwyn Bay, kama kilometa 10 tu kutoka Llandudno. Tulikwenda kwa heshima. Mu 1885 mumisionere mumoja wa Wales, William Hughes, alirudi kutoka Kongo ya chini akiwa mugonjwa, pamoja na vijana wawili: Kinkasa na Nkanza. Kisha alifungua pale Colwyn Bay masomo ya vijana wa Afrika, watu wakayaita Congo House, na Leopold II mwenyewe alikuwa mumoja wa wadamini. Masomo yalifungwa mu 1912. Kinkasa na Nkanza hawakurudi kwao. Mumoja alikufa mu 1888, mwingine mu 1892, na wote wawili wamezikwa kule Old Colwyn. Nyuma ya pwani ile ile kuko Denbigh, mahali Stanley alizaliwa mu 1841, yule wazee wetu waliita Bula Matari, mwenye kuvunja mawe.

Kwa hiyo, Wakongo wa kwanza kukaa ku bahari ile hawakuitwa kupumuzika. Mama Mapasa alisema sala kwa Kiswahili, yenye sauti, na upepo ukaibeba.

Na sisi huku?

Hatuandike haya kwa kumuambia mutu wa Kipushi auze mabati yake kwa kununua tikiti ya ndege. Bila mutoto, sisi wenyewe tusingefika. Tunaandika juu ya hesabu moja.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya 2002, inasema kwamba mufanyakazi mwenye kupita miaka 18 anapata konje isiyo chini ya siku moja ya kazi kwa kila mwezi muzima aliotumika, na inaongezeka siku moja kwa kila miaka mitano ya utumishi. Kwa mwaka muzima ni siku 12, kwa mwenye kuanza. Toa ine. Zinabaki munane kwa mabati, kwa shamba na kwa matanga. Hizo ine, ziende kwa bibi na bwana.

Maji tunayo. Mutu wa Likasi iko na ziwa la Tshangalele karibu. Mutu mwenye ndugu Kilwa ao Pweto iko na Mwero. Mwenye kufika Kalemie ao Moba iko na Tanganyika, yenye mawimbi kama bahari, na yenye maji ya kuogea kuliko ya Wales. Chumba cha kukodi kwa siku mbili, unga mu mufuko, samaki wa pale pale, inatosha. Lakini mupatane mbele ya safari: nani atasonga bukari, nani ataamuka na watoto, nani atazima telefoni. Msipopatana, mutachukua tu jikoni ya nyumbani na kuitembeza.

Na wachimbaji wa mikono, ba-creuseurs, wao hawana biro yenye kuwaandikia konje. Siku wasipoingia mu shimo, hawakule. Watu wa makaa wa Wales pia walianza hivyo: migodi ikifunga, mufuko unabaki mutupu. Siku ya kupumuzika yenye kulipwa haikushuka kutoka mbinguni. Waliiomba pamoja, miaka na miaka, sawa vile waliomba mushahara. Kopérative yenye kuzungumuza na wanunuzi juu ya bei ya mufuko inaweza kuzungumuza pia juu ya siku ya mapumziko.

Kwa wengine, wenye karatasi mu mukono, hakuna wa kungojea. Usiku wa leo, mwenye kutoka posti amuulize bibi yake swali moja tu: wewe, konje yako ni siku gani?